Mtindi wa Bihogo na Springi Zako

Kaka Evodius,

Nimezifungua springi zako.

Nimeona nikuambie hilo kwanza, ukasirike kabisa, umalize, ndipo tuzungumze kama watu. Nakujua. Nikianza na habari za migomba na mvua utanisikiliza kwa sikio moja huku ukijiuliza huyu Adi ananizungusha kwenda wapi. Basi sikuzungushi. Nimezitoa zote nne kwa mikono yangu, pale pale gereji kwako Omurushaka, na shokapu zake nimetoa, na zile rimu pana ulizokuwa unazisugua kuliko sufuria za nyumbani nazo nimezitoa. Gari lako jekundu la milango miwili sasa ni laini. Ukiegemea boneti linainama kidogo na kurudi polepole, kama mtu anayeitikia shikamoo.

Sasa kasirika. Nakusubiri.

Umemaliza? Haya.

Sijasahau ulichosema. Kitanda chako tulikuwa tumekisogeza dirishani ili ulione gari kule barabarani, maana ulikataa kula mpaka ulione. Ukanishika mkono, mkono wako umekuwa mwepesi mpaka nikaogopa kuubana, ukasema: "Adi, gaweni chochote, uzeni chochote, lakini springi zangu mtu asiguse." Nikasema sawa, Kaka. Nani angesema vingine mbele ya kitanda kile?

Lakini lipo neno jingine, na hilo pia nililisikia kwa masikio yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekushikia simu. Mama alikuwa Kibingo kwa Mama Mdogo Domitila, amelala chali na nyonga yake iliyovunjika. Alikuwa amekwenda kumsalimia mdogo wake, akateleza kwenye tope la zizi kama msichana anayejifunza kukamua, yeye aliyezaliwa katikati ya ng'ombe. Wakamfanyia upasuaji, wakamrudisha kwa Mama Mdogo, wakamwambia asitikiswe. Nawe ukamwambia kwenye simu, kwa sauti uliyoikaza ili asijue unaumwa kiasi gani: "Mama, usipande gari la mtu. Nikiinuka tu nakuja mwenyewe, nakurudisha nyumbani na gari langu." Mama akacheka. Akasema atasubiri.

Hukuinuka.

Umeniachia maneno mawili, Kaka, na hayo mawili hayaingii kwenye gari moja. Nimejaribu kuyaingiza. Barua hii ni ya kukueleza nilivyojaribu na nilivyoshindwa, na neno nililolichagua.

Tumekuzika hapa nyumbani Chonyonyo, kwenye migomba, pembeni ya Baba. Kahawa ilikuwa imechanua siku ile, na sasa imeshavunwa. Watu walikuja wengi, hata yule dereva wa lori mliyegombana naye juu ya giaboksi alikuja, akalia kuliko ndugu. Mama hakuja. Hakuweza hata kukaa, sembuse kusafiri. Nilimpigia simu nikainyanyua juu ya kaburi ili asikie. Akasikia katekista akiomba, akasikia wimbo, na tulipoinama kuchota udongo mtandao ukakatika. Nilipompata tena watu walikuwa wanakula.

Tangu siku hiyo Mama ana jambo moja tu. Ukimuuliza nyonga inaendeleaje, anakujibu: "Mimi mwanangu sijamzika. Nimesikia wimbo tu." Daktari alisema mfupa umeunga, atembee na fimbo, asafiri taratibu. Baba Mkubwa akatoa wazo la kumpelekea udongo wa kaburi kwenye bakuli, autupe hukohuko Kibingo, yaishe. Loo! Mama alimjibu kwenye simu mpaka mzee wa watu akanirudishia simu bila kuaga. Alimwambia: "Udongo wa Chonyonyo naujua, nimeulima maisha yangu yote. Mimi namtaka mwanangu."

Tukakodi gari, zuri tu, la dereva mstaarabu. Halikufika hata barabara kubwa. Kwenye shimo la kwanza Mama alipiga yowe ambalo Mama Mdogo anasema ng'ombe waliinua vichwa. Wakamrudisha ndani. Alipotulia akasema hatapanda tena gari la mtu, na kosa ni lake kwa kutosikia. "Evodius alisema nisipande gari la mtu. Alisema atanifuata na gari lake. Mwanangu hasemi uongo. Leteni gari lake."

Gari lako, Kaka! Kati ya magari yote ya Karagwe na Kyerwa!

Hebu tuseme ukweli sasa, kwa kuwa huwezi kunikatiza. Gari lile lilikuwa mateso. Ulilinunua likiwa mzoga, ukalifufua, na hapo hakuna wa kukunyima sifa. Kisha ukalilaza chini mpaka watoto wa hapa wakaliita Mburuzatumbo, ukalifunga springi fupi, nene kama kidole gumba cha fundi wako Jovitus, na matairi membamba kama chapati. Nakumbuka uliponipeleka Rugu kwa mara ya kwanza. Meno yangu yaligongana safari nzima, nami nikakuambia gari likikanyaga gunzi barabarani naweza kusema lilikuwa la mahindi meupe au ya njano. Ulicheka mpaka ukasimamisha gari. Ukasema: "Gari laini ni kitanda. Mimi silali, naendesha." Hata nyumbani halikuingia. Uliliacha barabarani mbele ya duka, kwa sababu lile tuta la katikati ya njia yetu lingelikwangua tumbo, ukaja kwa miguu huku unageuka kulitazama kama mtu aliyeacha mchumba stendi.

Nililipenda, usinielewe vibaya. Nililipenda kwa sababu ulikuwa ndani yake.

Mwanzoni nilitaka kukutii wewe na kumtii Mama. Nikasema sitagusa springi, nitagusa vingine vyote. Nikapunguza upepo kwenye matairi. Nikatoa zile bushi ngumu ulizoagiza kwa mbwembwe, nikarudisha za mpira wa kawaida. Nikakata godoro nikalishonea kitambaa, nikaliweka kwenye kiti cha abiria. Lilipendeza. Jovitus akazunguka gari, akasema, "Sawa, dada Adi, hapo marehemu hana neno." Siku iliyofuata nikaondoka kwenda kumchukua Mama, nimevaa gauni la kanisani, nafsi imetulia kabisa.

Na nikabeba mtindi. Mama alikuwa ameagiza mtindi wa ng'ombe wake Bihogo, maana anasema maziwa ya Kibingo ni mazuri lakini si ya kwake. Nikakamua, nikagandisha, nikajaza kibuyu chake kile cha mkanda wa ngozi, nikakifunga vizuri, nikakikalisha kwenye godoro jipya kama abiria. Unacheka? Umeshajua. Mimi sikujua. Nimekua na Mama miaka yote hiyo, nimemwona asubuhi ngapi amekaa mlangoni na kibuyu mapajani anasuka maziwa, akitikisa, akitikisa, mpaka siagi itoke, na bado nikachukua kibuyu cha mtindi nikakipandisha kwenye gari lako nikapita nacho barabara ile iliyojikunja kama bati.

Nilifika Kibingo jasho likinitoka. Nikamsalimia Mama shikamoo, akaitikia, hakuniangalia, alikuwa anaangalia gari. Akaliangalia muda mrefu. Kisha akaomba kibuyu. Akakifungua, akanusa, akakiinamisha kwenye kikombe, akatumbukiza kidole. Kidole kikatoka na punje ya njano. Akatumbukiza tena, zikatoka punje nyingi, zimeshikana.

Siagi, Kaka. Siagi safi kabisa. Ulikuwa unasuka maziwa na hatukujua.

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ulipomwambia utamfuata. Mama Mdogo akashika mwimo wa mlango asianguke. Mama akasema: "Waitu! Kama mtindi umeingia mtindi umefika siagi, mimi nikiingia mama nitafika samli." Nami nikacheka, tukacheka wote, kisha nikaona Mama ameacha kucheka na machozi yanamtoka, kikombe kiko mkononi. Akasema hapandi. Hakusema kwa ukali. Akasema nyonga yake inaogopa hata kabla yeye hajaogopa. "Siku utakayoleta kibuyu kikafika na mtindi mtupu, siku hiyo nitapanda. Si kabla."

Nikarudi peke yangu na godoro langu. Siagi aliibakiza, akaiyeyusha samli ya kujipaka nyonga, kwa hiyo usiseme hukumsaidia chochote.

Njiani nilikutukana. Nasema wazi. Nilikutukana kwa sauti kuanzia Kibingo, nikafunga vioo watu wasisikie. Nilikuuliza ni mtu gani anayemwambia mama yake nitakufuata, halafu anakufa, halafu anakataza gari lisiguswe. Nililia pia, mpaka ikabidi nisimame chini ya mkaratusi nifute macho nione barabara. Hapo ndipo nilipoamua. Neno la springi ulilisema kwa ajili ya chuma. Neno la pili ulilisema kwa mama yako. Nikawasha gari nikaenda moja kwa moja gereji.

Jovitus alikataa. Ni rafiki yako kweli, sijui kama ulimjua alivyo rafiki. Alikunja mikono akasema, "Dada Adi, marehemu kasema." Nikamwambia marehemu alisema mengi. Marehemu alisema pia atachimba choo cha gereji, choo kiko wapi? Jovitus akachukua chai yake akanigeuzia mgongo. Nikaingiza jeki mwenyewe.

Yule dereva wa lori akapita, naye akatoa ushauri bila kuulizwa: nikate springi mizunguko miwili, italegea. Nikamwambia ahsante baba, endelea na safari. Ulinifundisha hilo siku nyingi, ukiwa chini ya gari la mwalimu mmoja aliyekatiwa springi zake na fundi wa njiani. Gari lilikuwa limeshuka na limekuwa gumu zaidi ya mwanzo. Ulinipa springi fupi nibonyeze kwa miguu, kisha ndefu ya unene uleule, ukaniambia niseme mwenyewe ipi inakubali. Ndefu ilikubali. Fupi ilinirusha nikakaa kwenye oili.

Nilipofika kwenye kubana springi ili niitoe nilikumbuka sauti yako: "Springi iliyobanwa usiiangalie usoni." Nikakaa pembeni. Nikasikia kikombe kinawekwa chini, Jovitus akaja akapiga magoti upande wa pili akashika jeki mpaka springi ya kwanza ikatoka salama. Ndipo akasema, "Mimi sijagusa springi. Nimegusa jeki." Na amelishikilia hilo mpaka leo, anamwambia kila mtu.

Springi nyingine nilizipata Kayanga. Unakumbuka lile gari la milango minne, ndugu yake hili lako, lililooza nyuma ya ile gereji ya zamani, kuku wanatagia ndani? Chini yake palikuwa pazima. Springi ndefu, nyembamba, za gari la familia. Nikazifunga pamoja na shokapu zake zilezile, kwa haraka niliyokuwa nayo. Nikajaza kibuyu, nikaendesha kuelekea Rugu na kurudi. Lilikuwa laini, ah, laini mno! Lilipita shimo, halafu likaendelea kupita shimo lilelile hata baada ya kuliacha. Lilipanda, likashuka, likapanda. Kwenye kona kibuyu kikalala, kifuniko kikatoka, mtindi wote ukamwagika kwenye kiti chako. Nisamehe kwa hilo moja. Nimesugua kwa sabuni na majivu, lakini jua likiwaka bado kiti kinanuka zizi. Mama anasema ndiyo harufu nzuri pekee iliyomo.

Kosa lilikuwa langu. Ulishaniambia, springi inabeba, shokapu inatuliza, na mimi nikachukua shokapu zilizokufa. Nikaagiza mpya kutoka Mwanza, za gari la kawaida si za mbio, zikaja kwa basi. Jovitus alizifungua boksi mwenyewe. Akasema shokapu si springi.

Halafu rimu. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nilivua ile ya mbele, nikaigeuza ili niihifadhi, na ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia, palikuwa na mwandiko wako wa chaki: MBELE KULIA. Ile K yako yenye mguu mrefu. Kaka, nimekuona kwenye jeneza, nimekufunika, nimepika matangani, nimegawa nguo zako, yote hayo nilisimama. Kwa K ile nilikaa chini kwenye vumbi nikalia mpaka wateja wakaondoka. Jovitus aliniletea chai akaiweka karibu, akaenda kufunga geti. Nilipoinuka nikaifunika rimu ile kwa gazeti bila kuifuta. Kisha nikafunga rimu ndogo zenye matairi manene, kwa sababu Mama alikuwa anasubiri.

Siku ya safari sikuvaa gauni la kanisani. Nilivaa ovaroli yako. Nikaweka kibuyu kwenye kiti, nikakifunga mkanda. Barabara ilikuwa ileile, mikunjo ileile, lori zilezile zinakulisha vumbi. Nilisimama njiani, nikafungua kibuyu, nikatumbukiza kidole. Mtindi mtupu. Sikuamini, nikasimama tena mbele, nikatumbukiza tena. Nadhani nusu ya mtindi ule niliumaliza mimi kwa kuonja.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Safari hii hakuliangalia gari, alinyoosha mikono apewe kibuyu. Akakiinamisha kikombeni. Akatumbukiza kidole, akakitazama. Akamimina kiganjani, akauchuja kati ya vidole polepole, kama anayetafuta jiwe kwenye maharage. Mama Mdogo naye akapewa kiganjani, akatafuta. Nilikuwa nimesimama juani ndani ya ovaroli, nikisubiri.

"Domitila," Mama akasema, "nipe kitenge changu cha kanisani."

Nikuambie jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Kwa kuwa gari limeinuka, kiti kimekuja sawa na nyonga yake. Gari lilivyokuwa zamani angelazimika kuchuchumaa mpaka chini, na asingeweza. Sasa alijigeuza, akakaa kwanza, kisha tukamwingizia miguu, mmoja baada ya mwingine, kimya, bila hata kuguna. Mama Mdogo tukamsukuma nyuma. Magoti yakafika masikioni, akauliza kiti hiki Evodius alimtengenezea nani, kuku?

Mama alipakata kibuyu chake. Tulipofika kwenye ile mikunjo mibaya alifumba macho, akakaza midomo, akashika dashibodi kwa mkono mmoja. Nilimwona kwa pembe ya jicho akisubiri maumivu. Nikapita. Nikaendelea kupita. Akafumbua jicho moja.

"Mbona hakuna kitu?"

Nikamwambia ndiyo Mama, hakuna kitu.

Akafumbua na jicho la pili, akaniambia nikanyage mafuta, kwa mwendo ule tutafika mvua imeshanyesha. Mama huyohuyo! Mama Mdogo huko nyuma akaanza rozari kwa sauti.

Tulipofika dukani kwetu, nilisimamisha gari pale pale ulipokuwa unalisimamisha. Mguu wenyewe ulisimama, ni mazoea. Nikazima. Mama akatazama ile njia ya kwenda nyumbani, akaitazama fimbo yake, akaanza kukusanya kitenge ili ashuke. Ndipo nikakumbuka. Tumbo haliburuzi tena.

Nikawasha. Nikageuza, nikaingia njia ya nyumbani, Kaka, na gari lako. Tuta lote lilipita chini bila kugusa. Tukapita kwenye kahawa, tukapita uani kuku wakatawanyika, Baba Mkubwa akasimama na jembe mdomo wazi. Nikaendelea. Nikaingia migombani, majani yanasugua paa, taratibu, mpaka ulipo. Hujawahi kulifikisha hapo. Nikasimamisha gari, upande wa Mama ukikuelekea, nikamfungulia mlango, na miguu yake ilipogusa chini iligusa nyasi tulizokutandikia.

Hakulia mwanzoni. Alisimama na fimbo, akasoma msalaba, akalisoma jina lako. Akaniomba nimsaidie kuinama, nami nikamshika kiunoni, akachota udongo kiganja kimoja akaushika muda mrefu. Halafu akautupa. Nilisikia ukianguka kwenye nyasi. Ni ule udongo wa siku ile simu ilipokatika, na mimi pia sikuwa nimeusikia vizuri mpaka hapo. Tulilia, Mama Mdogo naye, na Baba Mkubwa alikuwa amevua kofia.

Alipogeuka kurudi alisimama kwenye gari, akaweka kiganja juu ya paa, bado kina udongo, akasema kwa Kinyambo, polepole, kama alivyokuwa anakuambia ukimletea maji: "Umenileta, mwanangu. Asante."

Hakuniambia mimi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na funguo mkononi na ovaroli ya oili. Alikuambia wewe. Na sikuona wivu, Kaka, nilifurahi, kwa sababu ndivyo ilivyo: ulisema utamfuata, na gari lako limemfuata.

Alama ya kiganja bado ipo juu ya paa. Nimekataza isioshwe, na Jovitus amekubali.

Springi zako nimezipaka grisi, nimezifunga kwenye gunia na kuzining'iniza juu kabisa kwenye stoo ya kahawa, pamoja na rimu iliyofunikwa gazeti. Ulitaka mtu asiziguse. Haya, sasa hakuna atakayezigusa. Nakuahidi pia haya mengine. Maadamu Mama yuko hai, gari hili litabaki laini, na litampeleka kanisani, kliniki na Kibingo kwa mdogo wake kila anapotaka, hata akitaka kwa ubishi tu. Kila mwanzo wa mwezi nitapakia kibuyu na kukizungusha mpaka Rugu. Nikiona punje moja ya njano, naingia chini ya gari siku hiyohiyo. Na gereji haifungwi. Jovitus ameanza kuchimba choo.

Leo Mama amelala chumbani kwake, mlango wazi, na ninamsikia anakoroma kutoka hapa ninapoandika. Pumzika sasa, Kaka Evo. Umemfikisha.

Ni mimi mdogo wako,
Adventina